Viti vya Kijani vya Zahanati

Ukitaka kugombana na Veneranda, mwambie kwamba gogo ni gogo. Wapo waliowahi kujaribu. Mmoja alikuwa mnunuzi wa mbao aliyepita kijijini, akaona magogo ishirini na mawili yamepangwa kivulini nyuma ya nyumba, akauliza kama hizo kuni zinauzwa. Aliacha chai yake nusu kikombe. Hadi leo akipita njia ile hutazama upande wa pili, na anafanya vizuri.

Nyumba yenyewe iko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nyololo, huko juu ambako ukungu huingia asubuhi bila hodi na kutoka unapojisikia. Wengi humwita Mama Crispin, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana miaka hamsini na tisa, ni mjane, mfupi, na sauti yake huvuka bonde bila msaada wa simu. Viganja vyake vimejaa sugu nyeusi, ngumu kama punje za mahindi makavu. Mtu asiyemjua hudhani ni sugu za jembe, lakini alizipata kwenye kiwanda cha nguzo alikofanya kibarua miaka tisa, minne ya kumenya magome na mitano ya kuvuta nguzo zinapotoka kwenye tangi la dawa zikichuruzika maji ya kijani.

Kule ndiko alikojifunza miti, na kule ndiko alikojifunza kukasirika. Glavu zilikuwa zinakuja mara moja kwa mwaka na kuisha kwa wiki tatu. Msimamizi aliwaambia wanawe mikono kabla ya kula, na bomba la maji lilikuwa ofisini kwake, na ofisi ilikuwa imefungwa. Alipoanza kukohoa walimwambia apumzike nyumbani. Alipumzika, na hawakumwita tena.

Basi gogo la kukalia, kwa Veneranda, lina masharti mengi kuliko posa. Mti ukatwe kiangazi, Julai au Agosti, wakati maji yametulia ndani yake. Gome litoke wiki ileile, lote, hata lile jembamba la ndani, kwa sababu gome ni nyumba ya wadudu, na anayeliacha kwa ajili ya urembo atakuja kukaa juu ya unga. Yeye humenya kwa jembe kuukuu alilonyooshewa na mhunzi. Kisha huyeyusha nta ya nyuki, akapaka ncha zote mbili, ili maji yasitoke kwa pupa na kulipasua gogo. Kisha hulipanga juu ya mawe, kivulini, akiacha nafasi ya ngumi kati ya gogo na gogo upepo upite. Halafu ni kungoja mwaka mzima, na hapo ndipo watu wote humshinda kwa maneno na kushindwa kwa vitendo. Gogo likikauka sawasawa, ukiligonga kwa funguo linalia. Likiwa bichi, linanuna. Likilia ndipo hulipaka mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto pamoja na nta, mara tatu, siku tatu, na kulikalisha juu ya mawe bila kulifukia.

"Mafuta ya kupikia," watu walimcheka, "unayapaka magogo?"

"Ndiyo," alijibu, "kwa sababu matako yenu yana thamani kuliko akili zenu."

Yale ishirini na mawili yalikuwa ya zahanati. Miezi kumi na mitatu nyuma alikuwa amemsindikiza Goodness, kitinda mimba wake, kliniki, akiwa na ujauzito wa miezi mitano. Benchi la ndani lilikuwa moja, la watu watano. Wajawazito wengine na wenye watoto wachanga walisimama nje kwenye manyunyu ya Julai, saa tatu nzima, wakiegemea ukuta kama watu waliokamatwa. Goodness aliishiwa nguvu akakaa kwenye tope na gauni lake la kanisani. Veneranda alirudi nyumbani, akachukua shoka, akaangusha milingoti yake minne, ile mikaratusi aliyopandiwa na marehemu mume wake. Hakuomba mtu amlipe hata senti. Kwenye mkutano wa kijiji walimpigia makofi, na Obeid, mwenyekiti, akaandika kwenye muhtasari.

Obeid si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Ukimkuta mtu mbaya unajua pa kuanzia. Huyu ni kijana wa miaka arobaini, ana heshima, anaimba kwaya, anakwenda misibani, na kichwani mwake kila jambo lisiloonekana haraka halipo. Kila wiki alikuwa anapita pale nyuma ya nyumba na pikipiki yake.

"Kamwene, mama. Hizi magogo bado tu?"

"Bado."

"Si zinaonekana zimekauka?"

"Na wewe unaonekana una akili. Nenda."

Mwezi wa nane Veneranda alikwenda Kalenga kwenye harusi ya mpwa wake, siku nne. Magogo yalikuwa yamebakiza kupakwa mafuta tu. Aliporudi, kabla hata ya kufika nyumbani, akiwa bado na mfuko wake wa nguo mkononi, alipita zahanati, akasimama.

Uwanja mzima ulikuwa na viti. Vipande vya nguzo za umeme, mabaki ya kiwandani, thelathini, vimefukiwa kwa safu mbili nzuri zilizonyooka. Vilikuwa vya kijani. Alisogea, akagusa kimoja kwa kidole, na kidole kikabaki na kijani. Vilikuwa vimetoka kwenye tangi wiki ileile, hata havijakauka. Nyuma ya safu hizo palikuwa na kibao kipya kinachoshukuru kiwanda kwa kuijali jamii.

Obeid alitoka ndani akifuta mikono. "Shikamoo, mama."

Marahaba hakupata. "Umeweka nini hapa?"

"Viti, mama, si unaona. Kiwanda kimetusaidia bure. Tumekupunguzia kazi, umri nao umeenda."

"Nani alikwambia nataka kupunguziwa?"

"Usikasirike, mama yangu. Zako ni nzuri, lakini wageni wa wilaya wanakuja Alhamisi. Halafu hizi zina dawa. Miaka thelathini, mchwa hagusi."

"Akigusa inakuwaje?"

"Anakufa. Si ndiyo kazi ya dawa."

"Na mtoto akilamba?"

Obeid alicheka, kicheko cha upole kabisa, cha mtu anayemwongelesha bibi yake. "Sasa mama, mtoto na mchwa wapi na wapi."

Veneranda alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini. Mtoto wa miezi tisa anayejifunza kusimama dede anashika nini? Anashika kiti. Kiti kikiwa kimefika kwenye kidevu chake, mdomo wake unakwenda wapi? Kila mama anajua. Obeid ana watoto wanne na hajui, kwa sababu siku zote wakiwa wanasimama dede yeye alikuwa kwenye kikao.

Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akasema nguzo hizohizo ndizo zinabeba umeme wa nchi. Alikwenda kwa mzee wa kanisa, akaambiwa asilete mgawanyiko. Kisimani wakasema Mama Crispin ana wivu, kazi yake imechukuliwa na kiwanda. Wivu. Neno hilo lilimchoma kuliko yote, kwa kuwa halina jibu. Ukilikataa ndiyo unalithibitisha. Hata Goodness, huku akimnyonyesha Happy, yule mtoto wa ile mimba ya kwenye tope, alimwambia, "Mama, basi. Unanitia aibu kwa wenzangu."

Mwisho alikwenda kwa Blandina, muuguzi, mwanamke wa Mbeya aliyehamishiwa pale mwaka juzi. Blandina alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine alilifanya.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini nikiandika barua juu nitaulizwa ushahidi. Uliwahi kuona mtu amedhurika na miti hii? Kwa macho yako?"

"Sijaona," Veneranda alisema, akatoka.

Alikuwa ameona. Kiwandani alikuwa na rafiki, Ikupa, Mnyakyusa aliyeolewa huku, anayecheka kwa sauti hadi msimamizi anakuja. Masika moja kuni zote zilikuwa zimelowa, na Ikupa ana mtoto mchanga, na Veneranda kwa mapenzi yake akamjazia toroli la vipande vya kijani, akampelekea mwenyewe hadi mlangoni. Vinawaka vizuri sana vile. Ikupa alipikia mwezi mzima. Majivu alikuwa anayamwaga nyuma ya zizi, na ng'ombe wake wawili wakayapenda kwa ile ladha ya chumvi, wakawa wanayaramba kila asubuhi. Walikufa wote wawili ndani ya wiki moja. Mtoto akaanza kunyonyoka nywele, akakohoa mpaka akabaki mifupa. Ikupa aliamini amelogwa na mama mkwe wake. Alimtaja hadharani, ukoo ukagawanyika, ndoa ikavunjika, akabeba mtoto wake akarudi kwao, sasa anauza viazi Iyunga kando ya barabara kuu. Mtoto alipona kuni zilipokwisha. Yule bibi alikufa hakuna anayemsalimia.

Veneranda alijua chanzo cha yote haya miezi michache baadaye, siku mtaalamu mmoja alipokuja kiwandani kuwakataza kuchoma mabaki, akataja na ng'ombe na majivu. Alikuwa amesimama mstari wa mbele. Angeweza kwenda kwa Ikupa siku ileile. Hakwenda. Akajisemea atakwenda Jumapili. Jumapili zimepita miaka kumi na moja. Kwa hiyo alipokuwa akimfokea Obeid, na mtendaji, na dunia nzima, kuna mtu mwingine aliyekuwa akimfokea ndani kwa ndani, na huyo, yeye mwenyewe, hakupata hata nafasi ya kujitetea.

Wageni wa wilaya walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki.

Veneranda alipakia gogo lake moja kwenye toroli, moja tu, lililokwisha kupakwa mafuta, akalisukuma hadi zahanati. Kina mama walikuwa wamejaa, wamekaa kwenye viti vya kijani na vitenge vyao, wanachangamka. Manyunyu yalikuwa yameanguka alfajiri na viti vilikuwa vinang'aa. Goodness alikuwa safu ya pili, amegeukia jirani yake anasimulia. Miguuni pake Happy alikuwa amesimama dede, ameshika kiti kitupu kwa mikono miwili, ufizi wake wenye meno mawili umeng'ata ukingo, mate yanateremka kwenye kidevu, ya kijani.

Veneranda aliacha toroli likaanguka, akamnyakua mtoto. Happy akalia kwa hasira ya kunyang'anywa. Blandina alitoka mbio, akaona kidevu, akamchukua ndani, akamwosha mdomo kwa maji safi mara tatu na mikono mara tatu, na safari hii hakuuliza ushahidi.

Obeid alikuwa pale kwenye kibao, anakaza misumari iliyolegea.

"Mwenyekiti," Veneranda alisema, "njoo ulambe."

Watu walidhani wamesikia vibaya.

"Kiti chako. Njoo ukilambe mbele ya kina mama hawa. Mjukuu wangu mwenye meno mawili amekilamba, wewe una thelathini na mbili."

"Mama Crispin, tuheshimiane."

"Nakuheshimu. Ndiyo maana nakuruhusu uchague ambacho hakijakojolewa." Aliinama kwenye gogo lake lililokuwa limeanguka kando ya toroli, akalisimamisha, akapiga magoti kwenye tope, akalilamba kutoka ukingo hadi ukingo, taratibu, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Alifuta mdomo. "Alizeti na nta. Zamu yako."

Baadhi walicheka. Kicheko hakikwenda mbali. Obeid alitabasamu, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kutabasamu naye. Alikisogelea kiti cha karibu. Nasi tumtendee haki, aliinama kweli, uso wake ukafika shibiri moja kutoka kwenye ule ukijani, akavuta harufu, akabaki hapo. Kisha alisimama wima na kusema ana kikao cha shule.

Mama mmoja alisimama, akakagua kitenge chake kwa nyuma, akaona lile duara la kijani. Mwingine akasimama. Ndani ya dakika chache viti thelathini vilikuwa vitupu, na kila mwanamke alikuwa akifuta mtoto wake kwa pindo la nguo. Kufikia saa sita wanaume walikuwa wamekuja na mitaimbo, wakaving'oa vyote, wakavirundika kando ya uzio, na wengine wakatumwa na matoroli kwa Veneranda kuleta magogo yake ishirini na moja yaliyobaki. Obeid mwenyewe alirudi, akashika mtaimbo. Hilo pia lisemwe.

Veneranda alikuwa anaosha mikono bombani alipomwona mwanamke mmoja, kijana, mtoto mgongoni, amechukua vipande viwili kwenye lile rundo na anavifunga kwa kamba. Mwingine alikuwa tayari anacho kimoja kichwani. Wa tatu anachagua.

"Mnafanya nini?"

"Kuni, mama," yule kijana alisema. "Si mmezikataa kukalia. Manyunyu haya kuni kavu utapata wapi?"

"Rudisheni."

"Jamani, Mama Crispin. Umeshinda. Sasa hata kuni unatunyima?"

Hapo ndipo hasira ilipomfika shingoni, na kwa mara ya kwanza katika wiki zile haikuwa ya Obeid wala ya kiwanda. Alimpokonya yule wa kichwani kile kipande, akakitupa kwenye rundo. Akapanda juu ya rundo lenyewe, akakaa. Gauni lake lote likawa la kijani. Manyunyu yalianza tena. Upande wa pili wa uwanja kina mama walikuwa wanakalia magogo yake makavu, na yeye aliyeyachonga alikuwa amekalia sumu na hakuna mtu angemtoa.

"Hazichomwi," alisema. "Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu. Ng'ombe akiramba majivu anakufa. Mtoto ananyonyoka nywele."

"Nani alikwambia?" aliuliza yule kijana, kamba bado mkononi.

Blandina alikuwa amesimama mlangoni na Happy begani. Veneranda alitazama viganja vyake.

"Mnamkumbuka Ikupa," alisema. "Aliyekuwa ameolewa kule bondeni. Ng'ombe wake wawili."

Wakubwa walimkumbuka. "Aliyelogwa na mama mkwe," mmoja alisema.

"Hakulogwa. Alipikia hizi. Nilimpelekea mimi, toroli zima, kwa mikono hii. Nilikuja kujua, nikanyamaza. Yule bibi alikufa akiitwa mchawi na mimi nilikwenda msibani kwake nikala ubwabwa."

Yule kijana alifungua kamba yake polepole, akavirudisha vile vipande viwili juu ya rundo, kando ya miguu ya Veneranda. Wa tatu akarudisha chake. Obeid aliweka mtaimbo chini, akasema atatafuta gari livirudishe kiwandani leo hiihii, hata kama atalisukuma.

"Na Ikupa?" aliuliza Blandina kutoka mlangoni. "Anajua?"

"Hajui."

"Namba yake unayo?"

Alikuwa nayo. Alikuwa amebadilisha simu mara nne katika miaka kumi na moja, na kila mara namba hiyo aliihamisha kwanza. Aliitoa simu kifuani, akaifuta maji kwa kiwiko kisicho na kijani, akapiga hapohapo juu ya rundo, mbele yao wote, kwa sababu alijijua kwamba akishuka atajiambia Jumapili.

Iliita mara mbili. Sauti ikatoka, kubwa ileile, na kelele za malori ya barabara kuu nyuma yake. "Ugonile, Mama Crispin! Leo jua limechomoza wapi, umenikumbuka?"

"Kaa chini kwanza, mdogo wangu," Veneranda alisema. "Ni kuhusu wale ng'ombe wako."